Seli Zinazowahi Kukua

Siku ya 10 nilihesabu mara tatu, maana sikuyaamini macho yangu. Nilikuwa nimeanza na seli 20,000 zilizochujwa kutoka kwenye damu ya kitovu, na sasa kisahani kilikuwa na zaidi ya milioni 2. Mara mia! Nilikuwa bado mgeni katika kazi hii, sijamaliza hata miezi mitatu, nikamwendea mwalimu wangu karibu mbio, jambo ambalo ndani ya maabara halifanywi.

"Mwalimu, zimeongezeka mara mia."

Hakuinua kichwa. "Zipi?"

"Seli."

"Seli zipi?"

Nikakosa la kusema. Akanituma nizipitishe kwenye mashine ya leza, ile inayozipanga seli moja moja kama watu kwenye foleni na kusoma rangi za kingamwili, protini zinazoshika alama maalumu za seli, tulizozibandika juu yake. Siku ya kwanza, zaidi ya seli 9 katika kila 10 zilikuwa na CD34, alama ambayo Curt Civin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliielezea mwaka 1984 na ambayo hadi leo ndiyo tunayoitumia kutambua seli changa za damu. Siku ya 10, hata moja katika 10 haikufika. Nilichokuwa nimezalisha ni umati wa seli zilizokwisha kuchagua kazi: hizi zinaelekea kuwa chembe nyeupe, zile nyekundu, nyingine zimeshaanza kuzeeka. Seli shina nilizokabidhiwa nilikuwa nimezikuza kweli kweli, zikakua, yaani zikapevuka kuwa chembe za kazi, na zikaisha.

Makosa hayo ndiyo kazi yenyewe. Watu wakisikia kwamba tunakuza seli shina za damu kutoka kwenye kitovu, hudhani shida iko kwenye kuzifanya ziongezeke. Kuongezeka ni tabia yao. Mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu zipatazo bilioni 200 kila siku, bado hujahesabu nyeupe na zile za kugandisha damu, na ukoo wote huo unaanzia kwa seli chache zilizojificha ndani ya uboho. Seli shina ya damu ina uwezo wa namna mbili: kuzaa kila aina ya chembe ya damu, na kuzaa nyingine iliyo sawa na yenyewe. Ule wa kwanza unaigika kwa urahisi kisahanini. Ule wa pili umewatoa jasho watu wenye akili kuliko mimi kwa zaidi ya miaka 30.

Wa kwanza kuuonyesha uwezo huo kwa ushahidi walikuwa James Till na Ernest McCulloch, Toronto, mwaka 1961. Waliwapiga panya mionzi ya kuua uboho wao, wakawadunga seli za uboho kutoka kwa panya wengine, na baada ya siku chache wakakuta vinundu kwenye bandama. Baadaye ilibainika kwamba kila kinundu kimetokana na seli moja tu. Huwa nawafikiria watu hao wawili, wameinamia bandama za panya wakihesabu vinundu, bila mashine ya leza wala kingamwili zenye rangi. Sisi tuna vyote hivyo, na bado tunadanganyika.

Turudi kwenye kitovu. Kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, kina mishipa mitatu: veni moja inayompelekea mtoto damu yenye oksijeni kutoka kwenye kondo, na ateri mbili zinazoirudisha. Kuizunguka mishipa hiyo kuna ute mzito unaoitwa jeli ya Wharton, kwa jina la tabibu Mwingereza wa karne ya 17, Thomas Wharton. Nautaja ute huu kwa sababu unaleta mkanganyiko mkubwa. Ndani yake zipo seli za aina nyingine, zinazoweza kutengeneza mfupa, gegedu na mafuta, na nazo huitwa seli shina. Hazitengenezi damu. Mtu akikuuzia sindano ya "seli shina za kitovu" ya kuponya kila kitu, kuanzia goti mpaka ubongo, muulize zimetoka kwenye ute au kwenye damu, halafu umsikilize anavyobabaika.

Za kwetu zinatoka kwenye damu. Mtoto akishazaliwa na kiungamwana kukatwa, ndani ya kondo na kipande kilichobaki huwa kuna damu ambayo kwa miaka mingi ilitupwa pamoja na taka. Mkunga huchoma sindano kwenye veni na kuiacha itiririke kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia isigande. Mama hahisi chochote, mtoto naye hahusiki tena. Mfuko ukijaa vizuri unapata mililita 100 hivi, na mara nyingi haujai.

Kuna jambo kuhusu mifuko hiyo nililochelewa kulielewa. Shirika la Afya Duniani linashauri kiungamwana kisibanwe mapema, wasubiri kati ya dakika 1 na 3, kwa sababu damu hiyo ikimrudia mtoto inampa akiba ya madini ya chuma kwa miezi ya mwanzo ya maisha yake. Kila dakika ya kusubiri inaupunguzia mfuko na kumwongezea mtoto. Nilipoanza nilikuwa nanung'unika mifuko ikija myepesi. Siku moja mkunga mmoja mtu mzima, aliyekuja mwenyewe kuleta mfuko, alinisikia. "Mwanangu," akasema, "mwenye damu ameshakunywa kwanza." Sikunung'unika tena, angalau si kwa sauti.

Lakini hesabu inabaki pale pale. Ili kumpandikizia mgonjwa damu hii, uboho wake ulioharibika uanze upya, kwa kawaida madaktari hutaka angalau seli milioni 25 zenye kiini kwa kila kilo ya mgonjwa. Mtoto wa kilo 20 anahitaji milioni 500, na mfuko mzuri unazo. Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji karibu bilioni 1.75, na mifuko mingi haifiki huko. Ndiyo maana sehemu kubwa ya damu ya kitovu inayotolewa na akina mama kwa moyo mweupe haiingii kwenye majokofu ya benki: ikipimwa, seli hazitoshi.

Na mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto. Oktoba 1988, katika hospitali ya Saint-Louis, Paris, Eliane Gluckman na wenzake walimpandikizia mvulana wa miaka 5, aliyetoka Marekani, damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Mvulana alikuwa na ugonjwa wa Fanconi, unaokausha uboho. Damu ilikuwa imegandishwa katika maabara ya Hal Broxmeyer, Indiana, kisha ikasafirishwa kwa ndege kuvuka Atlantiki. Uboho wa mvulana yule ukaanza upya na akakua hadi utu uzima. Broxmeyer alitumia maisha yake yote yaliyobaki kwenye damu hii, na hata baada ya kifo chake mwaka 2021 ulitoka utafiti wake ulioonyesha kwamba seli shina zilizokaa ndani ya barafu miaka 27 bado zilikuwa hai na zenye nguvu. Nikifungua tangi la naitrojeni, ukungu ukanipanda mpaka kwenye miwani, hukumbuka miaka hiyo 27. Kwenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, muda haufanyi kazi.

Uzuri wa damu ya kitovu ni kwamba ina uvumilivu. Uboho wa mtu mzima unataka ulingane karibu kabisa na tishu za mpokeaji, la sivyo chembe za kinga za mtoaji zitamshambulia mgonjwa mwilini mwake. Kinga ya mtoto mchanga haijafunzwa ugomvi, kwa hiyo tofauti kadhaa zinasameheka. Mtu mwenye mchanganyiko wa nasaba usio wa kawaida, ambaye hana wa kulingana naye kwenye daftari lolote la watoaji, anaweza kumpata kwenye damu ya kitovu. Ubaya wake ni uchache, na uchache huleta ucheleweshaji. Baada ya kupandikizwa, mgonjwa hukaa wiki tatu, pengine nne, bila chembe nyeupe za kumlinda. Katika wiki hizo, fangasi ambayo mimi na wewe tunaivuta puani kila siku bila habari inaweza kumwua.

Watafiti wa Minnesota, Marekani, wakiongozwa na John Wagner na Juliet Barker, walijaribu njia iliyo wazi kabisa: mifuko ikiwa midogo, mpe mgonjwa miwili. Ilisaidia. Watu wazima wengi walipata nafasi ambayo hawakuwa nayo. Kilichowashangaza wengi ni kwamba baada ya wiki kadhaa damu ya mgonjwa karibu kila mara hutokana na mfuko mmoja tu. Mwingine umeshindwa na kutoweka. Nani atashinda, haibashiriki kirahisi.

Njia nyingine ndiyo yetu: uchukue mfuko mmoja na uuongeze nje ya mwili.

Damu ikifika naimwaga taratibu juu ya kimiminika kizito, kwa mkono usiotikisika, zisichanganyike. Mashine inazungusha nusu saa. Nyekundu inazama, maji ya njano yanabaki juu, na katikati unapata utando mweupe, mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Naunyonya utando huo kwa pipeti. Kisha naongeza kingamwili zenye punje za chuma zinazoshika CD34, napitisha kila kitu kwenye bomba lililozungukwa na sumaku, na zisizohusika zinapita. Naondoa sumaku, nasukuma, na zinazotoka ndizo zenyewe. Katika kila seli 100 nilizoweka napata moja hivi. Na hata katika hizo ninazopata, nyingi ni seli zilizokwisha piga hatua moja mbili kuuacha ushina. Seli shina halisi ni wachache miongoni mwa wachache. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba kikijaa unapaswa kuuliza kimejazwa nini.

Naziweka kwenye kimiminika cha lishe, nyuzi joto 37, hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 5, pamoja na protini tatu za kuzihimiza: ile inayoitwa kwa kifupi SCF, ya pili FLT3L, na ya tatu TPO, ambayo ilijulikana kwanza kama homoni ya kutengeneza chembe za kugandisha damu. Ukiishia hapo, utapata nilichopata mimi siku ile ya 10.

Kwa nini zinakua? Jibu langu, baada ya muda wa kuziangalia, ni kwamba zinaona zimeitwa. Ndani ya uboho, seli shina nyingi zimelala, mahali penye oksijeni kidogo, zimezungukwa na majirani wanaozinong'oneza zitulie. Sisi tunazitoa, tunaziweka kwenye plastiki yenye mwanga na hewa nyingi, tunazimwagia homoni ambazo mwilini hupanda wakati damu imepungua. Kwa seli, hiyo ni dharura. Nayo hufanya ilichoumbwa kufanya: hukimbilia kazini. Kuna jioni nimeona jambo hili kama uonevu.

Kwa hiyo utafiti wa miaka 15 iliyopita umekuwa, kwa sehemu kubwa, utafutaji wa namna ya kuzizuia zisikue huku zikiendelea kugawanyika. Mwaka 2010 kulitoka majibu mawili yaliyonifunza zaidi kuliko yote. La kwanza ni la Seattle. Colleen Delaney, Irwin Bernstein na wenzao walikuza seli za kitovu juu ya sahani zilizopakwa protini ya Delta, mojawapo ya zile ambazo majirani wa uboho huzitumia kuwasiliana na seli. Seli zenye CD34 ziliongezeka zaidi ya mara 100. Wagonjwa 10 walipewa seli hizo pamoja na mfuko wa pili ambao haukuguswa. Chembe zao nyeupe zilirudi kwa wastani wa siku 16, badala ya 26. Siku 10 za hatari zimefutwa! Lakini walipofuatilia damu ilikotoka miezi ya baadaye, karibu yote ilikuwa ya mfuko ambao haukuguswa. Zile zilizokuzwa zilikuwa zimefanya kazi ya haraka, ya kuokoa maisha, halafu zikaondoka.

Nilipoisoma taarifa ile nilikiona kisahani changu, tena nikaona aibu yangu imepungua. Wao walikuwa wameigeuza hasara ile kuwa daraja.

La pili ni kemikali. Watafiti walichuja viambato 100,000 wakitafuta kinachozuia CD34 isipotee, wakapata kimoja walichokiita SR1. Kilikuwa kinaziba kipokezi ambacho wanasayansi walikuwa wakikifahamu kwa sababu nyingine kabisa: ndicho kinachohisi sumu ya dioksini. Hakuna aliyetarajia kipokezi cha sumu kiwe na usemi juu ya utoto wa seli za damu. Angalia lakini tarakimu zao. Seli zenye CD34 ziliongezeka mara 50. Seli zenye uwezo wa kuota ndani ya panya ziliongezeka mara 17. Pengo kati ya 50 na 17 ni swali la mwalimu wangu, limeandikwa kwa tarakimu. Seli zipi?

Mwaka 2014 Guy Sauvageau na wenzake wa Montréal wakaleta kiambato kingine, UM171, kinachofanya kazi kwa njia tofauti na SR1, na matibabu yaliyojengwa juu yake yakakubaliwa Ulaya mwaka 2025. Kabla ya hapo, Aprili 2023, Marekani ilikuwa imeidhinisha omidubicel, damu ya kitovu iliyokuzwa wiki tatu pamoja na nikotinamidi, ambayo ni namna ya vitamini B3. Katika jaribio lake kubwa, chembe nyeupe zilirudi kwa wastani wa siku 12, dhidi ya 22 kwa damu isiyokuzwa. Vitamini! Nilizoea kudhani jibu la kitendawili hiki litakuwa na jina lisilotamkika.

Kisha gundi. Kwa miongo kadhaa kila mtu alikuwa akiweka albumini kwenye lishe ya seli, protini inayotokana na damu, bila kuihoji sana. Albumini hiyo huja na uchafu mdogo mdogo unaotofautiana kutoka chupa hadi chupa, na uchafu huo unaziambia seli zikue. Mwaka 2019 Adam Wilkinson, Satoshi Yamazaki na Hiromitsu Nakauchi waliiondoa wakaweka PVA, kitu kilekile kilichomo kwenye gundi ya maji ya wanafunzi. Seli shina za panya zikaongezeka mara mia kadhaa kwa muda wa wiki nne, na zikabaki seli shina. Miaka minne baadaye Yamazaki na wenzake wakafanya jambo linalofanana na hilo kwa seli za kitovu za binadamu, kwa polima nyingine, wakiziacha hata zile homoni za kuita dharura na kuweka kemikali mahali pake. Nakiri nililicheka jambo la gundi kwa siku nzima, kicheko chenye wivu ndani yake: chupa za albumini nilizozifungua kwa heshima zote, kumbe ndizo zilikuwa zikizitia seli zangu haraka.

Wazazi wanaotarajia huniuliza kama walipe kuhifadhi damu ya kitovu ya mtoto wao kwa matumizi yake mwenyewe. Jibu langu ni lile la madaktari wengi wa watoto: kama hakuna ndugu mgonjwa anayeihitaji, itoe kwa benki ya umma. Mtoto akija kupata saratani ya damu, mara nyingi hitilafu ya kwanza ilikuwamo kwenye damu yake tangu siku aliyozaliwa. Kumrudishia ni kumrudishia mbegu ileile. Wanaouza huduma hiyo hawaanzii hapo.

Nilirudia jaribio langu. Safari hii niliondoa albumini, nikaongeza kiambato cha kuzuia zisikue, nikashusha oksijeni. Siku ya 10 kisahani kilikuwa karibu kitupu ukilinganisha na kile cha kwanza. Nilihesabu mara tatu tena, lakini safari hii kwa huzuni: hata mara 15 sikufika. Nilimpelekea mwalimu tarakimu bila kukimbia. Akazitazama, akasema, "Tuwaulize panya."

Panya ndiye hakimu wetu, panya aliyezaliwa bila kinga, asiyeweza kuzikataa seli za mtu. Alama za juu ya seli zinaweza kusema uongo kisahanini. Seli ikiwekwa ndani ya mwili, ama inajenga damu au haijengi. Mwaka 2011 kikundi cha John Dick, Toronto, kilionyesha kwamba hata seli moja ya kitovu, ikiwa ndiyo kweli, inatosha kujenga damu ya binadamu ndani ya panya. Shida ni muda. Lazima usubiri wiki 16 au zaidi, mpaka seli za kazi fupi zife zote na zibaki zenye mizizi. Nilichukua panya wa kisahani cha kwanza (mwalimu alikuwa amenilazimisha kugandisha baki la seli zile, nami sikujua kwa nini) na panya wa kisahani cha pili. Kila panya alipata kilichozaliwa na idadi ileile ya seli za mwanzo.

Wiki ya 16 nilitoa tone la damu kwa kila mmoja. Kwenye skrini ya mashine ya leza, seli za panya hujikusanya upande mmoja, na za binadamu, kama zipo, hutokea juu upande wa kulia, vidoa vidogo vya buluu. Wa kisahani cha kwanza, waliopewa zao la mara mia, walitoka mmoja mmoja. Kona ile ilibaki nyeupe. Kidoa kimoja, viwili, vya bahati mbaya.

Nikaweka mrija wa kwanza wa kundi la pili. Vidoa vilianza taratibu. Mwalimu, aliyekuwa anapita na kikombe chake kuelekea mlangoni, alisimama. Vikaongezeka, vikawa kiwingu, tena si kiwingu kimoja, maana kulikuwa na chembe za kinga na zile za aina nyingine, kila ukoo mahali pake. Akavuta kiti, akaketi kando yangu.

"Weka mwingine," akasema.